Mtaji wa Bao na Mtaji wa Biashara: Historia ya Umiliki wa Michezo

Utangulizi

Neno mtaji katika Kiswahili lina maana mbili ambazo kamusi huziweka pamoja chini ya kidahizo kimoja. Kwa mfanyabiashara, mtaji ni mali au fedha ambayo mtu huanzia kazi yake. Kwa mchezaji wa bao, mtaji ni uchezaji wa kula: kete ya mwisho huangukia shimo la safu ya mbele lenye kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo huwa na kete, basi kete hizo za mpinzani huliwa. Maana hizi zimeishi katika neno moja kwa muda mrefu bila ya ugomvi. Nje ya kamusi, hata hivyo, historia ya michezo tangu mwanzo wa karne ya ishirini ni kwa kiasi kikubwa historia ya mvutano baina ya mitaji hii miwili, wa mchezaji kwa upande mmoja na wa mwenye kampuni kwa upande wa pili.

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo kwa mifano minne. Wa kwanza ni bao la pwani ya Afrika Mashariki. Wa pili ni mchezo wa Marekani uliokuja kujulikana kwa jina la Monopoly. Wa tatu ni Kalah, ambao ni ndugu wa mbali wa bao aliyeandikishwa katika ofisi ya hataza. Wa nne ni michezo ya video tangu miaka ya 1970. Maswali yanayoulizwa ni matatu: Ni nani anayehesabiwa kuwa mtungaji wa mchezo? Ni nani mwenye mamlaka juu ya kanuni zake? Na ni nani awezaye kuufunga mchezo usichezwe tena? Huenda maswali haya yakaonekana kuwa ni ya wanasheria peke yao. Lakini yanamhusu pia mwanaisimu, kwa kuwa hukumu ya wachezaji juu ya mchezo mzuri na mchezo mbaya huhifadhiwa kwanza katika maneno yao wenyewe.

Bao na msamiati wake

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu nne zenye mashimo manane kila moja. Safu mbili ni za mchezaji mmoja na mbili ni za mwenzake. Kete ni 64, na aghalabu huwa ni komwe, yaani mbegu za mkomwe. Wanaojifunza huanza na bao jepesi ambalo kete zote husambazwa mbili mbili katika mashimo yote. Katika bao lenyewe kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 zilizobaki huziweka akiba na kuzitia moja moja kila zamu yake inapofika. Hatua hiyo huitwa kunamua. Akiba ikiisha, wachezaji huingia katika hatua ya mtaji.

Bao si mpweke. Lina ndugu wengi barani: omweso wa Waganda, igisoro ya Wanyarwanda, isolo la Wasukuma, bawo wa Malawi, ajua ya Waluo, giuthi ya Wagikuyu na enkeshui ya Wamaasai. Mfaransa Étienne de Flacourt alieleza mchezo wa ukoo huu katika kitabu chake juu ya Madagaska mwaka 1658. Mmarekani Stewart Culin, katika kazi yake ya mwaka 1894, aliuita ukoo mzima kuwa ni mchezo wa taifa wa Afrika, kana kwamba bara zima ni taifa moja. Baadaye walikuja wachunguzi waliokaa karibu zaidi na wachezaji wenyewe: M. B. Nsimbi aliandika juu ya omweso mwaka 1968, Philip Townshend juu ya michezo hii kwa jumla mwaka 1979 na juu ya bao la Waswahili mwaka 1982, naye Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa kitabu mwaka 1995. Lakini kabla ya wote hawa kushika kalamu, wenyewe walikuwa wamekwisha kulitia bao katika fasihi yao. Miongoni mwa tungo zinazonasibishwa na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840, umo utungo juu ya bao.

Msamiati wa bao unastahili kuangaliwa kwa makini. Mchezaji asiyeweza kula hutakata, na kitenzi hicho ndicho kile kile cha nguo iliyosafika na moyo usio na doa. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala, na zamu ni ya mwenzake. Mashimo ya pembeni mwa safu ya mbele yana majina yake, kichwa na kimbi, na majina hayo yamebeba kanuni, kwa sababu anayekula hapo hulazimika kuanza kusambaza kutoka upande huo huo. Nyumba iliyojaa ni hazina. Kete ya mwisho ya uchezaji wa kula ikifika nyumbani, mwenye nyumba ana hiari ya kusimama au kuivunja na kusafiri nayo. Safu ya mbele ya mtu ikiisha kete, mchezo umekwisha, na neno linalotangaza mauti hayo ni fupi: hamna. Tena lipo neno mkononi, litajalo ushindi uliopatikana kabla mshindwa hajamaliza kete za akiba yake. Neno hilo lina kejeli yake, kwani mtu ameshindwa angali ameshika mali mkononi.

Ni dhahiri kwamba msamiati huu hauyataji tu mashimo na mienendo. Unabeba pia maoni ya wachezaji juu ya mchezo unaopendeza. Kusafiri ni hiari yenye hatari, na hiari hiyo ndiyo humtenga fundi na mwanafunzi. Bao halina dadu wala karata iliyofunikwa. Kila kete i wazi mbele ya wachezaji wote wawili na mbele ya watazamaji. Anayeshindwa hana bahati mbaya ya kusingizia. Tena uchezaji mmoja waweza kuligeuza bao zima, hata aliyekuwa akichekwa akawa mcheka. Barazani watazamaji hawanyamazi: husifu, hukejeli, hubishana juu ya mtaji uliopitwa bila ya kuonwa. Kwa hivyo hukumu juu ya mchezo hutolewa pale pale unapochezwa, na hutolewa na wale wale wanaojua kuucheza.

Maswali matatu yaliyotajwa hapo juu yana majibu mepesi kwa upande wa bao. Mtungaji wake hajulikani. Kanuni zake zimo vichwani mwa wachezaji, na penye ubishi waliobobea huamua. Kulifunga haiwezekani, kwani aliyenyimwa bao la mbao atachimba mashimo 32 mchangani na kuokota mbegu. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba milki ya watu wote ni pepo ya wote. Baraza la bao limekuwa kwa kawaida baraza la wanaume, na ufundi mwingi umepita kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamume huku wanawake wakiwa kando. Kisicho na mwenyewe nacho kina walinzi wa mlangoni.

Mchezo wa mwenye ardhi

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 1903 mwanamke aitwaye Elizabeth Magie aliomba hataza ya mchezo alioutunga, na tarehe 5 Januari 1904 akaipata. Aliuita The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye ardhi. Magie alikuwa mfuasi wa Henry George, mwandishi wa kitabu kilichotoka mwaka 1879 ambacho kilifundisha kuwa kodi ya ardhi ndiyo iliyo ya haki kuliko kodi zote, kwa vile thamani ya ardhi huundwa na jamii nzima wala si na mwenye hati. Mchezo huo ulikusudiwa kumfunza mchezaji jambo hilo kwa vitendo: azunguke ubao, alipe kodi ya nyumba katika kila ardhi ya mwenziwe, aone jinsi mmoja anavyoneemeka na wengine wakifilisika. Katika toleo lililochapishwa mwaka 1906 zilikuwako pia kanuni za namna ya pili, ambazo kwazo neema iliwafikia wote.

Kwa miaka ipatayo thelathini mchezo huo uliishi maisha yaliyofanana sana na maisha ya bao. Watu waliuchora wenyewe kwa mkono, wakabadilisha majina ya mitaa kuwa ya miji yao, wakafundishana nyumba kwa nyumba na chuo kwa chuo. Waumini wa madhehebu ya Quaker katika mji wa Atlantic City waliutia majina ya mitaa ya mji wao. Kutoka kwao ulimfikia Charles Darrow, ambaye aliuchapisha kama utungo wake, na mwaka 1935 akaiuzia kampuni ya Parker Brothers. Kampuni hiyo, ilipotambua kuwa iko hataza ya Magie, ambayo alikuwa ameifanya upya mwaka 1924, ilimnunulia hataza hiyo kwa dola 500 katika mwaka huo huo wa 1935. Darrow alitajirika, na jina lake likasimuliwa kwa miongo mingi kuwa ndilo la mtungaji. Zile kanuni za pili, za neema kwa wote, zilisahauliwa. Mchezo uliotungwa ili kuukosoa uhodhi wa ardhi ukawa burudani ya kuufurahia uhodhi huo, nao wenyewe ukahodhiwa.

Kisa hicho kingepotea lau si mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco, Ralph Anspach, aliyetoa mchezo wake wa Anti-Monopoly mwaka 1973. Wenye jina la Monopoly walimwandama kwa sheria ya alama za biashara. Katika kutafuta utetezi wake, Anspach aliwafikia wazee waliokuwa wameucheza mchezo huo kabla ya Darrow. Ushahidi uliomsaidia ulikuwa kumbukumbu za wachezaji pamoja na mbao zao zilizochorwa kwa mkono. Mwaka 1977, baada ya hukumu ya kwanza kumwelemea, maelfu ya nakala za mchezo wake yalizikwa ardhini huko Mankato, Minnesota. Mwaka 1982 Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuubatilisha. Jina la Magie lilirudi katika historia kwa njia hiyo, miongo kadhaa baada ya kifo chake cha mwaka 1948.

Kalah, au mashimo yaliyoandikishwa

Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion wa jimbo la Massachusetts alibuni mchezo wa ukoo wa bao alioupa jina la Kalah. Aliupunguza ukawa na safu mbili za mashimo sita sita, pamoja na shimo kubwa la ghala kwa kila mchezaji. Katika miaka ya 1950 alipewa hataza, na mwaka 1958 akaunda kampuni ya kuuza mbao zake. Mchezo ulisambaa shuleni, kwani ulifaa kuwafundisha watoto kuhesabu. Hadi leo boksi lenye neno mancala linalouzwa katika maduka ya Ulaya na Marekani mara nyingi hubeba kanuni za Kalah, na mnunuzi huamini kwamba ameununua mchezo wa Afrika ulivyo.

Haifai kumtuhumu Champion kwa wizi. Aliyebuni kanuni mpya ana haki ya kuziita zake, na ukoo wa bao umekuwa ukizaa matawi mapya tangu zama za zama. Jambo linalopaswa kuangaliwa ni kile kilichopotea njiani. Hamna nyumba katika Kalah, wala kichwa, wala kimbi, wala hiari ya kusafiri. Kilichorahisishwa ili kiuzike kilipoteza pia kina chake. Mwaka 2000 wataalamu watatu, Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk, walitangaza kuwa wameutatua mchezo huo kwa tarakilishi: katika mpango wa kawaida wa kete nne kwa kila shimo, anayeanza akicheza bila kosa hushinda daima. Miaka miwili baadaye John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliutatua awari, ambao ni wa ukoo huo huo wenye asili ya Afrika Magharibi. Wao walipata kuwa wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare, na ili kulijua hilo tarakilishi zao zilipitia hali zaidi ya bilioni 889. Mizani imo katika mchezo ambao vizazi vya wachezaji viliusawazisha kwa kuucheza. Katika ule uliorahisishwa kwa ajili ya soko, anayeanza ana faida tangu mwanzo. Mifano miwili haitoshi kuwa kanuni, lakini inatosha kumzuia mtu asidharau hukumu ya wachezaji wasioandika vitabu.

Jina juu ya boksi

Kabla ya kuifikia michezo ya video, yafaa kutaja tukio moja la Ujerumani ambalo linaonyesha upande mwingine wa suala hili. Mwaka 1988, wakati wa maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Nürnberg, watungaji 13 wa michezo waliandika tamko fupi juu ya kigae cha karatasi cha kuwekea bilauri. Walisema kwamba hakuna hata mmoja wao atakayempa mchapishaji mchezo wake ikiwa jina la mtungaji halitaandikwa juu ya boksi. Mwaka 1991 waliunda chama chao. Desturi hiyo ilishika, na leo mnunuzi wa mchezo wa Catan, uliotolewa mwaka 1995, hulikuta jina la Klaus Teuber juu ya boksi kama vile msomaji akutavyo jina la mwandishi juu ya jalada la kitabu.

Kutokana na tukio hilo inaonekana kwamba biashara peke yake siyo adui. Penye biashara na heshima kwa mtungaji, michezo mizuri ilizaliwa kwa wingi na wachezaji waliifurahia. Dhuluma aliyofanyiwa Magie haikutokana na kuuzwa kwa mchezo. Ilitokana na kufutwa kwa jina lake na kwa nusu ya kanuni zake.

Michezo ya video

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Atari iliuza kaseti za michezo bila ya kuwataja watungaji wake. Warren Robinett, aliyeutunga mchezo wa Adventure, alilificha jina lake ndani ya chumba cha siri cha mchezo huo, na mchezaji aliyekuwa na subira ya kutosha ndiye aliyeliona. Watungaji wengine wanne wa Atari waliondoka, na mwaka 1979 wakashiriki kuanzisha kampuni ya Activision, iliyoyaandika majina ya watungaji waziwazi. Atari iliwashtaki, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 1982. Njia ikawa wazi kwa yeyote kutengeneza kaseti, nzuri na mbaya. Soko la Marekani lilifurika, na mwaka 1983 likaanguka. Mnamo Septemba mwaka huo Atari ilizizika shehena za kaseti jangwani karibu na Alamogordo, New Mexico, nazo zilifukuliwa mwaka 2014. Katika muda wa miaka sita, basi, Marekani ilizika michezo ardhini mara mbili: kwanza kwa amri ya sheria, kisha kwa hasara ya soko.

Kampuni ya Nintendo ya Japani ilijifunza kutokana na anguko hilo. Mashine yake, iliyoingia Marekani mwaka 1985, ilikuwa na kifaa cha kuikataa kaseti isiyo na idhini. Kampuni nyingine ziliwekewa kikomo cha michezo mitano kwa mwaka, na kaseti zenyewe zilitengenezwa na Nintendo kwa malipo. Mpango huo ulirudisha imani ya wanunuzi, kwa sababu ubora ulipanda. Lakini kwa mara ya kwanza ubao wenyewe ulikuwa na uwezo wa kuukataa mchezo. Mfano wake kwa upande wa bao ungekuwa ni mbao inayozikataa komwe zilizookotwa ufukweni.

Hatua iliyofuata ililetwa na mtandao. Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50, pambo lisilomsaidia mchezaji katika lolote la maana. Wachezaji walicheka na kulalamika, na wengi wakanunua. Kutoka hapo zilikuja njia za kuuza vipande vya mchezo baada ya mchezo kwisha kuuzwa, na mwishowe vikaja visanduku vya bahati, ambavyo mtu hulipia bila ya kujua kilichomo. Mnamo Novemba 2017, mchezo wa Star Wars Battlefront II wa kampuni ya Electronic Arts ulipokaribia kutoka, wachezaji walipiga hesabu kwamba shujaa mmoja mashuhuri angehitaji saa zipatazo 40 za kucheza ili apatikane. Maelezo ya kampuni kwamba muda huo ulikusudiwa kumpa mchezaji fahari yalikataliwa na mamia ya maelfu ya wasomaji, jambo lililoingia katika vitabu vya rekodi. Mauzo ya ndani ya mchezo yalisimamishwa siku moja kabla ya mchezo kutolewa rasmi. Mnamo Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kuwa visanduku vya bahati katika baadhi ya michezo ni kamari. Uholanzi nayo ilichukua hatua, lakini mwaka 2022 baraza la juu la sheria la nchi hiyo liliifuta faini ya euro milioni 10 iliyokuwa imetozwa kampuni hiyo hiyo. Kwa hiyo hata majirani wawili hawakukubaliana juu ya mpaka wa mchezo na kamari.

Swali la tatu, la kuufunga mchezo, lilijibiwa waziwazi tarehe 31 Machi 2024. Siku hiyo kampuni ya Ubisoft ilizizima seva za mchezo wa The Crew, uliokuwa umetolewa mwaka 2014. Mchezo huo ulihitaji seva hata pale mtu alipocheza peke yake, hivyo waliokuwa wameununua walibaki na sanduku lisilofunguka. Wachezaji wa Ulaya waliandika ombi la kuitaka Jumuiya yao itunge sheria ili mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka, na mnamo Julai 2025 saini zilipita milioni moja. Huko California, sheria iliyoanza kutumika mwaka 2025 imewalazimisha wauzaji kumweleza mnunuzi kwamba anachopewa ni leseni tu, panapokuwa hivyo. Kampuni nazo zina hoja yake: seva hugharimu fedha, na mchezo wenye wachezaji wachache hauwezi kuendeshwa milele. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo haijibu ni kwa nini mchezo wa mtu mmoja ufungwe kwa ufunguo ulio mbali, wala ni kwa nini wachezaji wasiachiwe kuuendesha wenyewe kwa gharama yao.

Lugha na hukumu ya wachezaji

Malalamiko ya wachezaji yakitazamwa kwa pamoja, huonekana kwamba mengi hayakutokana na bei. Watu hulipia mchezo mzuri kwa moyo mkunjufu. Kinachowachukiza ni mambo yale yale ambayo bao limeyaepuka. Ushindi unaonunuliwa huchukiza, maana humwondolea mshindi heshima na mshindwa funzo. Kete zilizofunikwa na mwenye mchezo huchukiza, ndivyo visanduku vya bahati vilivyo. Kanuni zinazobadilishwa na asiyecheza huchukiza, kwa kuwa barazani penye ubishi huamua fundi wala haamui seremala aliyelichonga bao.

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mtaalamu wa Kiswahili. Vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hucheza michezo ya video katika vibanda vya mitaani na katika simu zao, na mchezo huo huuita gemu. Neno la mkopo si kosa. Kiswahili kimekopa tangu kale. Tatizo ni kwamba pamoja na neno hilo huja msamiati mzima wa kampuni, ambamo kununua kuna maana ya kukodi, na zawadi ina maana ya chambo. Ilhali Kiswahili tayari kina maneno ya hukumu. Mchezo unaomnyima mchezaji hiari ya kusafiri, au unaomwacha akalala asipolipa, waweza kuelezwa kwa maneno ya bao na ukaeleweka mara moja na yeyote aliyekaa barazani. Tena neno bao lenyewe limekwisha kuonyesha uwezo wa kutembea. Limetoka katika mbao likaingia katika kandanda, ambako kufunga bao hakuhitaji tafsiri kwa mtu yeyote, na katika ramli, ambako mganga hupiga bao kutafuta yaliyofichika.

Lakini maneno hayo yatatumika tu yakiwa hai. Mashindano ya bao bado hufanywa Lamu wakati wa sherehe za Maulidi na za utamaduni, na mabaraza ya Zanzibar yana wachezaji wake. Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alikuwa mpenzi mashuhuri wa bao. Hata hivyo, kuna wasemaji wengi wa Kiswahili ambao kwao kitenzi kunamua hakina maana yoyote, na ambao takata kwao ni habari ya sabuni tu. Kamusi huyataja maneno haya kwa alama fupi ya kuonyesha kuwa ni ya mchezo, na mara nyingi huishia hapo. Istilahi za uvuvi, za useremala na za jahazi zimepata wachunguzi. Istilahi za bao, pamoja na tofauti zake za Lamu, Mombasa, Unguja na bara, zinastahili kuandikwa kwa utaratibu huo huo, kwa kuwasikiliza wachezaji wanapobishana wala si kwa kuwauliza orodha ya maneno.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maswali matatu ya umiliki yamepata majibu tofauti katika nyakati tofauti. Bao halina mtungaji anayejulikana, lina kanuni zinazolindwa na wachezaji, na halifungiki. Mchezo wa Magie ulikuwa na mtungaji aliyefutwa jina, nao ulirudishiwa historia yake na kumbukumbu za wachezaji. Kalah ulipata mwenyewe na soko, ukapoteza kina. Mchezo wa video umepata vyote, mtungaji, mwenye kanuni na mwenye ufunguo, lakini mara nyingi watu hao watatu si mmoja, na mchezaji si miongoni mwao.

Haielekei kwamba ulimwengu utarudi kwenye mashimo ya mchangani, wala si lazima. Kinachohitajika ni kwamba hukumu ya wanaocheza isikike katika lugha wanayoimiliki. Wazee waliomsaidia Anspach walikuwa na mbao zao za mkono pamoja na majina ya mitaa waliyoyaandika wenyewe juu yake, na hayo yakatosha mbele ya mahakama. Mchezaji wa The Crew alibaki na risiti. Mchezaji wa bao hana risiti wala hataza, ila ana maneno: kunamua, kutakata, kulala, kusafiri, hamna. Maneno hayo yakipotea, bao litakuwa limefungwa kwa mara ya kwanza katika historia yake, wala hakutakuwa na kampuni ya kulaumiwa.